Bahasha za kaki

Sisi wa Likasi tunasema "kupiga radio", yaani kupiga picha za eksirei. Kazi hiyo niliianza 1974, miaka minane tangu mji uache jina la Jadotville. (Radiumu iliyosafishwa Olen, Ubelgiji, kuanzia 1922 ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, hapa jirani, sisi na miale tunajuana zamani.)

Chumba cha giza kilinuka siki. Filamu ilioshwa, ikaanikwa kwa kibanio kama shati, kisha ikaingia bahasha ya kaki: jina, namba, tarehe. Bahasha zilifika dari. Msimu mmoja wa mvua paa lilivuja, filamu zikagandamana. Nilipozibandua, mapafu ya wachimbaji yalichunika pamoja na utando. Nililia, sioni haya kusema.

Baada ya hapo wagonjwa walikwenda na filamu zao nyumbani. Mama mmoja alirudisha ya mumewe, miaka kumi na miwili chini ya godoro. Safi kuliko zetu!

Leo mwanangu anapiga, picha inatokea kwenye skrini. Faili ya DICOM, mfumo uliopata jina hilo 1993, hubeba picha na jina la mgonjwa pamoja: bahasha imeingia ndani ya filamu. Hilo nalipenda. Ila diski hufa kimya, haitoi hata harufu, na nimemwambia nakala ya pili ailaze jengo lingine, lenye paa zima.