Mitambo ya Kung'arisha Vyombo vya Kioo kwa Moto

Mitambo ya kung'arisha kioo kwa moto ni vifaa vinavyopiga mwali mkali juu ya chombo cha kioo kilichotoka kwenye kalibu, ili ngozi yake ya nje ilainike kwa sekunde chache, ijisawazishe yenyewe na kung'aa, huku mwili wa chombo ukibaki na umbo lake. Hutumika kumalizia bilauri, bakuli, sahani, chupa za manukato, shanga na vibomba vya maabara. Viwanda vikubwa vya kioo vya Tanzania viko upande wa pwani, mbali na Singida. Hata hivyo kazi ya moto juu ya kioo inaonekana mkoani humo: katika shanga za wanawake wa Kibarabaig, katika maabara za shule za sekondari na, kwa kukosekana kwake, katika chupa za asali ya Manyoni na Itigi.

Dosari za kalibu

Kioo cha kawaida hupikwa kwa mchanga wa silika, magadi na chokaa. Katika ukandamizaji, tone la kioo lenye joto la nyuzi 1,100 hivi za sentigredi hukatwa kwa mkasi na kuangushwa ndani ya kalibu ya chuma, kisha mchi wa chuma hushuka na kulisambaza hadi lijaze kalibu. Kalibu yenyewe ina joto la nyuzi 500 hivi, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha dosari nyingi. Ngozi ya kioo ikigusa chuma huganda papo hapo, wakati ndani bado kuna uji mzito. Ganda hilo likiendelea kusukumwa na mchi hujikunja na kuacha mawimbi madogo. Mkasi nao huacha kovu pale ulipokata. Kalibu ikiwa ya vipande viwili au vitatu, kioo hupenya kidogo kwenye maungio na kuacha mshono. Tena kila mkwaruzo uliomo ndani ya kalibu hunakiliwa juu ya kioo, kwa hiyo kalibu iliyochakaa huzaa vyombo vyenye uso wa ukungu.

Msomaji anaweza kulihakiki hili bila kufika kiwandani. Achukue chupa ya asali yenye mdomo mpana kutoka duka la mjini Singida, apitishe ukucha ubavuni kutoka begani hadi kitakoni: mara nyingi ataugusa mshono. Chupa hiyo si mbovu. Watengenezaji wa vifungashio kwa kawaida huuacha mshono kwa kuwa kila sekunde ya moto ina gharama, na chupa ya bei nafuu haiwezi kuibeba. Kisha ashike bilauri ya chai iliyomaliziwa vizuri na apitishe kidole kwenye ukingo wake. Ukingo ni mviringo, hauna makali wala chenga. Ulaini huo umeletwa na mwali.

Kinachotendeka ndani ya mwali

Kioo hakiyeyuki kwa ghafla katika joto moja. Hulegea hatua kwa hatua. Kioo cha magadi hulainika kiasi cha kuelemewa na uzito wake karibu na nyuzi 720. Kioo cha borosilikati, kinachotumika kwa vyombo vya maabara, huhitaji nyuzi 820 hivi, na kile chenye madini ya risasi huridhika na nyuzi 630 hivi. Ngozi ikivuka kiwango chake, mvutano wa uso hushika kazi. Katika kioo cha moto mvutano huo ni karibu mara nne ya ule wa maji, na siku zote hutafuta kupunguza eneo la uso: penye mwinuko hushuka, penye shimo hujaa, na ukingo mkali huviringika.

Hapo hakuna kinachosuguliwa wala kukwanguliwa. Hii ndiyo sababu uso uliopitiwa na moto ni bora kuliko uliosuguliwa kwa unga. Unga, hata uwe mwororo namna gani, huacha mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, na ufa wa kioo huanzia kwenye mkwaruzo. Moto huifunga mikwaruzo hiyo. Pia hufukiza sehemu ya sodiamu iliyo kwenye ngozi ya kioo, na ngozi iliyopungukiwa sodiamu hustahimili maji na unyevu vizuri zaidi. Katika vichupa vya dawa, hata hivyo, faida hiyo inaweza kugeuka hasara: mvuke wa sodiamu na boroni unaotoka kichupa kinapoundwa kwa moto ukitua upande wa ndani, hudhoofisha ukuta, na baadaye vipande vyembamba mno vya kioo huweza kubanduka na kuingia kwenye dawa.

Kioo hupitisha joto polepole, na bila tabia hiyo mitambo hii isingewezekana. Mwali mkali wa muda mfupi hulainisha ngozi kabla joto halijafika ndani, na chombo hakibonyei. Mwali hafifu wa muda mrefu hufanya kinyume chake: joto huingia hadi kiini, bilauri hupinda, na uso bado haujang'aa. Anayedhani kwamba moto mdogo ni salama zaidi hupoteza chombo.

Mng'ao huu una bei yake. Mvutano wa uso haubagui kati ya kasoro na urembo; unalainisha vyote. Chombo chenye nakshi kali kikikaa motoni sekunde mbili tatu zaidi, nakshi hufifia na kuonekana kama imelambwa. Wachoraji wazuri wa kalibu hulijua hilo, nao huchonga nakshi kwa kina kidogo zaidi ya kinachotakiwa.

Asili yake

Ukandamizaji wa kioo kwa mashine ulishika kasi Marekani katika miaka ya 1820. John P. Bakewell wa Pittsburgh alipata hataza ya vishikio vya samani vya kioo mwaka 1825, na mwaka huohuo Deming Jarves akaanzisha kiwanda katika mji wa Sandwich, Massachusetts. Vyombo vya awali vilijazwa vitone na nakshi ndogondogo kila mahali, kwani uso uliojaa nakshi ulificha mawimbi ya kalibu. Kuvirudisha vyombo motoni kulipozoeleka ndipo vyombo vyenye uso mtupu vilipopata soko. Wakati huo mtambo ulikuwa tanuri ndogo yenye tundu mbele: fundi alikishika chombo kwenye ncha ya fimbo ya chuma, akakiingiza tunduni na kukizungusha hadi kikang'aa. Tanuri za namna hiyo hazijafa. Karakana za kioo cha moto kama Kitengela karibu na Nairobi, na Shanga ya Arusha, inayoajiri watu wenye ulemavu na kutumia chupa chakavu, hufanya kazi kwa njia hiyo ya kurudisha chombo motoni kikiwa kwenye fimbo.

Mtambo wa kisasa

Katika kiwanda, mtambo huwekwa baada tu ya mashine ya kukandamiza, kwa sababu chombo kikitoka kwenye kalibu bado kina joto la nyuzi 600 au zaidi. Moto hulipia tofauti iliyobaki peke yake. Muundo unaopendwa ni meza ya duara yenye vishikio. Kila kishikio hubeba chombo kimoja na kukizungusha mfululizo, na meza husogea kituo hadi kituo: kituo cha kupasha, vituo viwili au zaidi vya mwali mkali, kisha kituo cha kutolea. Muundo mwingine ni mkanda ulionyooka wenye safu za vichomeo pande zote mbili, unaofaa sahani na vyombo vipana. Kuzunguka kwa chombo hakuna mbadala; kikisimama, upande mmoja huyeyuka na wa pili hubaki na mawimbi.

Kwa bilauri nyembamba zinazopulizwa ndani ya kalibu kuna mashine ya jamii hiyohiyo. Kofia ya kioo iliyobaki juu ya chombo hukwaruzwa kwa ncha ngumu, hupigwa mwali mwembamba hadi ijikate, kisha ukingo husawazishwa na kupitishwa motoni ili uviringike.

Kichomeo ndicho moyo wa mtambo. Gesi asilia ikichanganywa na hewa hutoa mwali wa nyuzi 1,950 hivi. Ikichanganywa na oksijeni hufikia karibu nyuzi 2,800. Oksijeni huongeza zaidi ya joto tupu: mwali huwa mfupi, wenye msukumo, na hulenga mahali padogo. Vichomeo vingine huchanganya gesi na oksijeni ndani ya mwili wao, vingine huzikutanisha nje ya midomo. Aina ya pili hupendwa kwa usalama, maana moto hauna mchanganyiko wa kurudia ndani ya bomba. Viwanda vya kioo cha thamani na chupa za manukato hutumia hidrojeni na oksijeni, kwa kuwa hidrojeni haina kaboni na haiwezi kuacha masizi. Mwali wenye gesi nyingi kuliko oksijeni huchafua kioo, na katika kioo chenye risasi hugeuza uso kuwa mweusi.

Baada ya moto, chombo lazima kiingie kwenye tanuri ya kupozea. Kioo cha magadi hushikiliwa karibu na nyuzi 550 hadi mikazo iliyomo ilegee, kisha hushushwa taratibu. Bila hatua hiyo bilauri inayong'aa vizuri hupasuka mezani baada ya saa au siku kadhaa, bila kuguswa.

Afrika Mashariki

Kiwanda cha chupa kinachojulikana zaidi Tanzania ni Kioo Limited cha Chang'ombe, Dar es Salaam. Gesi asilia ya Songo Songo ilifika jijini humo mwaka 2004, na kiwanda hicho kimekuwa miongoni mwa wateja wake wa viwandani. Kenya ina kiwanda cha chupa jijini Nairobi, kilichoanzishwa miaka ya 1980 kwa jina la Central Glass Industries kuhudumia viwanda vya bia. Viwanda hivi viwili ni vya vifungashio, na kung'arisha chombo kizima kwa moto si hitaji la chupa ya soda. Kiwanda cha Sapphire Float Glass cha Mkuranga, mkoani Pwani, hutoa kioo bapa cha madirisha kinachoelea juu ya bati lililoyeyuka. Huko ngozi ya juu husawazika katika joto bila kugusa chombo chochote, na mng'ao hupatikana bila kichomeo cha ziada.

Singida

Kioo kilichomalizwa kwa moto kilifika Singida kabla ya bilauri. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Mgunda Mkali, pori lililo kati ya Ugogo na Unyanyembe, ambalo sehemu yake sasa imo wilayani Manyoni. Wavumbuzi wa Kizungu Burton na Speke walilivuka mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na mizigo ya wapagazi wao ilikuwa na shanga, zikiwamo nyekundu zilizoitwa samesame. Shanga nyingi za biashara hiyo zilitoka Venisi kupitia Zanzibar. Mrija wa kioo ulikatwa vipande, vipande vikachanganywa na unga wa mkaa na chokaa ili matundu yasizibe, kisha vikapashwa moto huku vikikorogwa hadi kingo zikaviringika. Shanga isiyopitia moto hukata uzi. Wanawake wa Kibarabaig wanaoshona shanga kwenye sketi za ngozi wanategemea ulaini huo mpaka leo.

Mahali ambapo mwanafunzi wa Singida anaweza kuifanya kazi hii kwa mkono wake ni maabara. Kibomba cha kioo hukwaruzwa kwa tupa ya pembe tatu, huvunjwa, na ncha yake huingizwa kwenye mwali wa kichomeo cha Bunsen huku ikizungushwa. Mwali hugeuka wa njano kwa sababu ya sodiamu, na muda mfupi baadaye makali huisha. Ikizidishwa, tundu huziba. Taa ya spiriti haina nguvu ya kutosha kwa kibomba kinene. Mwalimu asisitize jambo moja kabla ya yote: kioo cha moto hakina tofauti ya sura na kioo baridi, na wengi huungua kwa kukishika mapema. Shule isiyo na gesi isiliruke zoezi hili na kuwaachia wanafunzi vibomba vyenye makali. Kibomba chenye makali kikisukumwa kwenye kizibo cha mpira hukata kiganja.

Kwa karakana ndogo inayotaka kukata chupa na kuzigeuza bilauri, au kusafisha midomo ya chupa za asali na mafuta ya alizeti, mazingira ya Singida yana masharti yake. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya Dar es Salaam. Kichomeo kinachovuta hewa ya kawaida, kikiwa kimerekebishwa pwani, hukosa oksijeni huku na kutoa masizi hadi kirekebishwe upya. Upepo wa Singida ni adui mkubwa zaidi, kwa maana hutikisa mwali na kupoza upande mmoja wa kioo hadi kikatoa mlio na kupasuka; kazi ifanyike chumbani, penye matundu ya hewa juu na chini, kwa sababu gesi ya mitungi ni nzito na hutuama sakafuni. Bomba la gesi asilia halijafika mkoani, hivyo gesi ya mitungi na oksijeni ya mafundi wa kuchomelea ndizo za kutegemea. Viungio vya oksijeni visipakwe mafuta wala grisi, kwani huweza kulipuka. Mwali wa asetilini wa kuchomelea chuma haufai: ni mkali mno mahali pamoja na huchafua kioo.

Meza ya vituo si ya karakana ya kwanza. Kichomeo kimoja cha mezani na kishikio kinachozungushwa kwa mota ndogo vinatosha kwa mamia ya midomo ya chupa. Kisichoweza kuachwa ni tanuri ya kupozea yenye kipimajoto cha kuaminika, na mwenye fedha za kununua kifaa kimoja tu kwa sasa anunue tanuri hiyo kwanza.