Hesabu Kubwa ya Padri Mersenne

Siku moja tuliandika jibu ubaoni, mtoto mmoja akasema: «Mwalimu, si hivyo.» Tukamwambia akae kimya. Jioni tulizidisha upya, tukaona kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki. Ndipo tulipokumbuka habari ya Padri Mersenne.

Marin Mersenne alizaliwa Ufaransa mwaka 1588. Alikuwa mtawa wa shirika la Waminimi, lililoanzishwa na Mtakatifu Fransisko wa Paola. Aliishi Paris, akaandikiana barua na wenye elimu wakubwa, kama Descartes na Fermat.

Alitafuta namba tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, kama 7. Njia yake ni hii: andika 2 mara kadha wa kadha, uzizidishe zote pamoja, kisha uondoe 1. Ukiandika 2 mara tatu, wapata 7, namba tasa. Ukiiandika mara tano, wapata 31, nayo tasa. Lakini ukiiandika mara 11, wapata 2.047, nayo si tasa: ni 23 × 89.

Katika kitabu chake cha mwaka 1644, Padri alisema kwamba ukiandika 2 mara 67 wapata namba tasa. Ndiyo hii: 147.573.952.589.676.412.927. Nani angeweza kumbishia?

Miaka zaidi ya 200 ikapita. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alivumbua njia ya kuipima, akaona kwamba si tasa. Lakini njia hiyo haikuonyesha vigawanyo vyake. Ni kama mtungi uvujao: maji yapungua, ufa hauonekani.

Tarehe 31 Oktoba 1903, mwalimu Frank Nelson Cole alisimama mbele ya mkutano wa wanahesabu huko New York, Marekani. Yasimuliwa kwamba hakusema neno. Aliandika ubaoni hesabu ile kubwa. Kando yake akazidisha 193.707.721 kwa 761.838.257.287, mstari kwa mstari. Majibu yakawa sawasawa! Watu wakapiga makofi. Yasimuliwa pia kwamba kazi hiyo ilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Cole hakubahatisha. Kila kigawanyo cha hesabu ile, ukikigawanya kwa 67, lazima kibaki 1. Jaribuni wenyewe kwa ile ndogo: gawanyeni 23 na 89 kwa 11, mtaona yabaki 1.

Je, Padri Mersenne alisema uongo? Hapana, alikosea tu. Tena alisahau ile ya 2 mara 61, ambayo ni tasa kweli. Iliyakinishwa mwaka 1883 na padri mwingine, Ivan Pervushin, Mwortodoksi wa Urusi. Hata hivyo hesabu hizi zaitwa hata leo kwa jina la Mersenne, kwa kuwa aliuliza swali jema. Kusahihishwa hakukumwondolea heshima.

Basi sisi tunaofundisha, mtoto akisema: «Mwalimu, si hivyo», tusimkaripie. Tumpe chokaa, aje ubaoni.