Sukari ya Wapping

Maji ya mto Thames yakipwa, ngazi za mawe za Wapping Old Stairs huonekana zote hadi kwenye tope. Nilizishuka asubuhi moja huku nikishika ukuta, maana vidato vya chini vina ukoga na vimelika katikati. Ni mtaa huu wa London ambako mwaka 1798 watu waliamua kuilinda mali kabla haijaguswa, badala ya kungoja iibwe ndipo mwizi asakwe.

Meli za sukari kutoka visiwa vya Karibi zilitia nanga mtoni wiki nyingi zikingoja zamu. Shehena ikishushwa kwenye matishari, mapipa yalipasuka na sukari ikamwagika. Makuli waliificha ndani ya aproni ndefu na vifuko vya chini ya nguo. Aliyesoma Kuli, riwaya ya Adam Shafi, atawaelewa watu hawa upesi.

Patrick Colquhoun, mfanyabiashara wa Glasgow aliyekuja kuwa hakimu, alikadiria kwamba mali ya pauni 500,000 huibwa mtoni kila mwaka. Yeye na John Harriott, baharia wa zamani, waliwashawishi wenye sukari wachange pauni 4,200. Tarehe 2 Julai askari wapatao 50 wakaanza doria kwa mashua, usiku na mchana. Mwaka ulipoisha, Colquhoun alitangaza kuwa wameokoa mali ya pauni 122,000: pauni 29 kwa kila pauni moja iliyochangwa. Mwaka 1800 Bunge likapitisha sheria, na kikosi kikawa cha serikali. Hadi leo kituo chao kiko Wapping.

Hesabu ile naiamini nusu. Aliyeipiga ndiye aliyehitaji kikosi kiendelee kulipiwa. Isitoshe, mashua hazikufanya kazi peke yake. Ofisi ya kikosi hichohicho iliwaandikisha makuli, ikasimamia ujira wao na kuwakataza nguo pana. Ikawanyang'anya pia bakshishi ya desturi: sukari ya kufagiwa, makaa ya masalio. Kilichokuwa haki ya kuli jana kikawa wizi leo. Tarehe 16 Oktoba 1798, baada ya hukumu ya wizi wa makaa, watu wapatao 2,000 waliivamia ofisi. Gabriel Franks, aliyekuwa upande wa polisi, alipigwa risasi akafa. Roho yake haimo katika zile pauni 4,200.

Nikafuata mto kuelekea mashariki hadi West India Docks, bandari iliyofunguliwa mwaka 1802 kwa kuta za mita sita hivi, zote kwa ajili ya sukari ileile. Ghala mojawapo sasa ni makumbusho. Ndani yake inasimuliwa habari ya waliolima miwa kwa mijeledi bila ujira, ambao jasho lao halikuwekewa askari hata mmoja. Ukutani yameandikwa majina ya meli zilizotoka London kwenda kubeba watumwa. Niliyasoma moja baada ya jingine, mpaka mlinzi akaja kutuambia wanafunga.