Kipande hakikuisha, kilihamia kwenye kompyuta

Nilipoacha chuo nilipata kazi ya kuingiza data hapa Nairobi. Wiki ya pili supavaiza akaniita. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na picha za skrini yangu na kila dakika ambayo mausi yangu haikusonga. "Hizi dakika 11 ulikuwa wapi?" Wasee, nilikuwa choo.

Jioni nikamwambia guka. Akacheka: "Hicho ni kipande tu."

Sisi huita kitambulisho kipande bila kujua jina lilitoka wapi. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kusajili wenyeji mwaka 1915, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alibeba karatasi yenye alama za vidole vyake, mara nyingi ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwajiri aliandika humo siku uliyoanza kazi, mshahara wako, na siku uliyoachiliwa. Ukiondoka kabla hajatia sahihi, wewe ni mtoro, unatafutwa. Na bosi mpya akiona ulikuwa unalipwa kidogo, kwa nini akuongeze?

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku alipinga kipande, kodi na kukatwa mishahara. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, risasi zikafyatuliwa. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21. Mmoja wa waliouawa ni Muthoni Nyanjiru, mama aliyewatolea wanaume uoga.

Sisemi supavaiza wangu ni mkoloni. Mimi sikupigwa risasi, na ningeweza kuacha kazi nikitaka. Lakini swali ni lile lile: nani anaandika habari zako, nani anazisoma, na wewe unaweza kujibu?

Tofauti ni kwamba leo tuna jibu kwenye karatasi. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa data yako inatumiwa vipi, kuiona, na kudai irekebishwe ikiwa si ya kweli.

Niliomba kuona yangu. Nikaambiwa ni mali ya ofisi. Mwezi ulipoisha, mkataba wangu haukuongezwa.

Ningeomba tena. Na wewe, kwa ile kompyuta ya kazini, ushawahi kuuliza?