Michoro Halisi ya Hadithi za Katuni: Urithi, Umiliki na Haki ya Mchoraji

Msomaji anunuapo gazeti au kitabu cha katuni hushika mkononi nakala moja miongoni mwa maelfu. Nyuma ya nakala hizo zote ipo karatasi moja tu ambayo mchoraji aliiinamia kwa saa nyingi, akachora, akafuta na kuchora tena. Karatasi hiyo iliyoguswa na mkono wake mwenyewe ndiyo tunayoiita mchoro halisi. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya karatasi hizo katika nchi ya Marekani, ambako sanaa hii ilikua upesi ikawa biashara kubwa. Tutaona jinsi kitu kilichodhaniwa kuwa takataka za kiwanda kilivyogeuka kuwa urithi, na jinsi ugomvi mkali ulivyozuka juu ya swali moja: karatasi hiyo ni mali ya nani?

Kusimulia hadithi kwa picha zinazofuatana ni jambo la kale, lakini mtindo unaofanana na katuni za sasa ulishika sura yake huko Ulaya katika karne ya 19. Rodolphe Töpffer, mwalimu wa mjini Geneva, alichapisha kitabu chake cha kwanza cha aina hiyo mwaka 1833. Naye Wilhelm Busch wa Ujerumani akatoa visa vya watoto wawili watundu, Max na Moritz, mwaka 1865. Hata hivyo, ni magazeti ya New York yaliyoifanya sanaa hii kuwa chakula cha kila siku cha watu wa kawaida. Mwaka 1895 gazeti la New York World, mali ya Joseph Pulitzer, lilianza kuchapa michoro ya Richard Outcault juu ya mtoto wa mtaa wa mafukara, mwenye kichwa kilichonyolewa, ambaye baadaye alijulikana kwa kanzu yake ya manjano. Mwaka uliofuata William Randolph Hearst, mwenye gazeti la New York Journal, alimvuta Outcault akahamia kwake. Pulitzer hakukubali kushindwa. Alimweka mchoraji mwingine, George Luks, aendelee kumchora mtoto yule yule. Ikawa mtoto mmoja anatembea katika magazeti mawili, na aliyemzaa hana kauli ya mwisho juu yake. Mbegu ya ugomvi tutakaoueleza ilipandwa siku hizo.

Magazeti hayo yalilea mafundi wa hali ya juu. Mwaka 1905 Winsor McCay alianza kuchora katika New York Herald ndoto za mtoto aitwaye Nemo, na kila Jumapili ukurasa mzima wa gazeti ukajaa majumba ya ajabu, wanyama na anga za rangi. George Herriman naye alichora, tangu mwaka 1913 hadi alipofariki mwaka 1944, kisa cha paka Krazy ampendaye panya, na panya ambaye jibu lake ni kumrushia tofali. Herriman alizaliwa New Orleans mwaka 1880 katika jamaa yenye asili ya Kiafrika, lakini maisha yake yote ya kazi alihesabiwa kuwa Mzungu. Asili yake ilikuja kutangazwa miaka ya 1970, baada ya cheti chake cha kuzaliwa kuchunguzwa. Kwa hiyo sehemu moja ya sanaa ambayo Marekani hujivunia ilitoka katika mkono uliolazimika kuificha asili yake ili upate kufanya kazi kwa amani.

Yafaa tueleze namna ukurasa wa kitabu cha katuni ulivyotengenezwa, maana hapo ndipo ilipo sababu ya karatasi zile kudharauliwa. Kwanza mtu mmoja alichora kwa penseli juu ya karatasi ngumu. Wa pili aliandika kwa mkono maneno ya wahusika. Wa tatu alipitisha wino juu ya mistari ya penseli, na palipokosewa pakapakwa rangi nyeupe au pakabandikwa kipande kipya. Hadi kama mwaka 1967 karatasi hiyo ilikuwa kubwa sana kuliko ukurasa uliochapwa. Sehemu iliyochorwa ilipata inchi 12 na nusu kwa 18. Baada ya hapo ikapunguzwa kuwa inchi 10 kwa 15. Kazi ilipokamilika ilipigwa picha, ikapunguzwa ukubwa, na kwa picha hiyo likatengenezwa bamba la kuchapia. Bamba likishakuwa tayari, kiwanda hakikuihitaji tena karatasi.

Ndivyo ilivyoonekana machoni pa wenye kampuni. Walinunua hadithi ili waichape, na karatasi ilihesabiwa pamoja na mabaki ya kazi, kama takataka za mbao katika karakana ya seremala. Nyingine zilirundikwa katika maghala, nyingine wakapewa wageni waliotembelea ofisi, na nyingi zikakatwa vipande au kuchomwa moto. Mort Walker, mchoraji mashuhuri wa katuni za magazeti, alisimulia kwamba aliwahi kukuta michoro halisi ya Herriman ikitumika kufyonza maji yaliyovuja sakafuni. Miongoni mwa wachapishaji alikuwapo mmoja aliyekwenda kinyume cha desturi hiyo, naye ni William Gaines wa kampuni ya EC. Yeye aliziweka karibu kurasa zote za vitabu vyake mahali pa salama, na kwa ajili hiyo kazi za wachoraji wake zimesalia kwa wingi kuliko za kampuni nyingine za wakati wake.

Dharau hiyo haikuwa ya wachapishaji peke yao. Wasomi, walimu na viongozi wa dini wengi waliona kwamba vitabu vya katuni vinaharibu watoto. Mwaka 1948 mjini Binghamton, katika jimbo la New York, vitabu hivyo vilikusanywa vikachomwa moto hadharani. Mwaka 1954 daktari Fredric Wertham alitoa kitabu cha kuvishutumu, na kamati ya Baraza la Seneti ikafanya mashauri juu yake. Gaines mwenyewe alihojiwa mwezi wa Aprili. Mwisho wa mambo, wachapishaji walijitungia kanuni kali, na baadhi ya kampuni zikafa. Katika hali kama hiyo, ni maktaba gani ingetenga rafu kwa ajili ya karatasi za wachoraji wa katuni?

Waliozinusuru ni watu wa kawaida waliosukumwa na mapenzi. Bill Blackbeard wa San Francisco aligundua kwamba maktaba zilikuwa zikitupa magazeti ya zamani baada ya kuyapiga picha ndogo za filamu, ambazo hazikuonyesha rangi. Akaunda chama mwishoni mwa miaka ya 1960, akaanza kuyachukua magazeti hayo, hata nyumba yake ikajaa toka sakafuni hadi darini. Yalipohamishiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mwishoni mwa miaka ya 1990, uzito wake ulikadiriwa kufikia tani 75. Chuo hicho kilikuwa kimeanza maktaba yake ya katuni mwaka 1977, kwa nyaraka na michoro ya Milton Caniff. Naye Walker, aliyeyaona yale ya sakafuni, alifungua jumba la makumbusho ya katuni katika jimbo la Connecticut mwaka 1974. Wakati huo huo vijana walianza kukutana katika mikutano ya wapenzi wa katuni, kama ule wa San Diego ulioanza mwaka 1970, wakiuziana kurasa halisi kwa dola chache tu.

Lakini mara karatasi ilipoanza kuwa na bei, swali la umiliki halikuweza kuahirishwa tena. Wakumbukao historia walikuwa na mfano mchungu mbele yao. Mwaka 1938 vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza hadithi yao ya kwanza ya Superman, pamoja na haki zote za mhusika huyo, kwa dola 130. Kampuni ilitajirika, wao wakazeeka katika dhiki. Ni mwaka 1975 tu, baada ya wachoraji Jerry Robinson na Neal Adams kuwatetea mbele ya umma, ndipo walipopewa posho ya kila mwaka na majina yao yakarudishwa katika kazi yao.

Kisa cha Jack Kirby ndicho kilicholiweka swali hili wazi zaidi. Kirby alizaliwa mwaka 1917 katika mtaa wa maskini wa New York, katika jamaa ya wahamiaji wa Kiyahudi. Mwaka 1941 yeye na Joe Simon walimbuni Captain America; na tangu mwaka 1961, akishirikiana na mwandishi Stan Lee katika kampuni ya Marvel, alichora Fantastic Four, Hulk, Thor na X-Men. Mwaka 1966 wawili hao walimtoa Black Panther, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda katika Afrika, nchi iliyosimuliwa kuwa imeendelea kwa ufundi na haikupata kutawaliwa na wageni. Katika miaka ile ya 1960 Kirby alichora maelfu kwa maelfu ya kurasa, akilipwa kwa kila ukurasa alioutoa.

Kampuni ilipokuwa ikiwarudishia wachoraji michoro yao ya zamani, wengine walitakiwa kutia sahihi hati ya ukurasa mmoja. Mwaka 1984 Kirby aliletewa hati ya kurasa nne yenye masharti ambayo wenzake hawakuwekewa, naye akaahidiwa kurasa 88 tu. Alikataa. Wachoraji na waandishi wengi, miongoni mwao Frank Miller na Alan Moore, walisimama upande wake, na shauri hilo likazungumzwa katika majarida na mikutano kwa muda wa miaka mitatu. Mwaka 1987 alirudishiwa kurasa zipatazo 2,000, sehemu ndogo ya zile alizochora. Nyingine zilikwisha kupotea, kuibwa au kutawanyika. Kirby alifariki mwaka 1994. Warithi wake waliendelea kudai haki katika mahakama, na mwaka 2014 wakapatana na kampuni. Tangu hapo jina lake limekuwa likitajwa waziwazi pamoja na wahusika aliowabuni.

Hebu tuzitazame bei za siku hizi. Mwezi wa Januari mwaka 2022 ukurasa mmoja wa mwaka 1984 uliochorwa na Mike Zeck, wenye picha ya Spider-Man, uliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 3.36. Huko Ufaransa, mwaka mmoja kabla yake, mchoro wa Hergé wa mwaka 1936 uliokusudiwa kuwa jalada la kitabu cha Tintin ulipata zaidi ya euro milioni 3. Katika Ufaransa ipo sheria, iliyoanza mwaka 1920, inayompa msanii sehemu ya bei kila kazi yake inapouzwa tena. Marekani haina sheria ya taifa ya namna hiyo. Faida yote humwendea muuzaji. Bei kubwa, basi, si lazima iwe heshima kwa aliyefanya kazi. Yaweza kuwa ni utajiri wa mtu wa tatu tu, na karatasi ikishanunuliwa hivyo huenda ikafungiwa kabatini, wananchi wasiione tena.

Hata hivyo ipo mifano ya kutia moyo. Mwaka 2008 mtu asiyetaka kujulikana jina alitoa zawadi kwa Maktaba ya Bunge la Marekani kurasa 24 halisi za Steve Ditko za mwaka 1962, zikiwamo za hadithi ya kwanza ya Spider-Man. Kwa bei za minada, mtu huyo angeweza kujipatia fedha nyingi mno. Badala yake aliziweka mahali ambapo mwanafunzi aweza kwenda akaona penseli iliyobaki chini ya wino na nyeupe iliyofunika kosa, akajifunza ufundi usioonekana katika nakala iliyochapwa.

Tumeieleza historia ya nchi ya mbali kwa sababu jambo lenyewe halikai mbali nasi. Magazeti ya Kiswahili nayo yana mafundi wake. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika gazeti la Taifa huko Kenya kwa miaka mingi, na Christian Gregory akamleta Chakubanga katika gazeti la Uhuru hapa Tanzania. Wazee wengi walijifunza kucheka na kujikosoa kwa kuwatazama watu hao wa wino. Kila picha ya namna hiyo ilianza kama karatasi moja juu ya meza ya mtu mmoja.

Waliotutangulia walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yatupasa karatasi za wachoraji wetu zitafutwe katika maghala ya magazeti na masanduku ya nyumbani, ziorodheshwe, zitajwe kwa majina ya wenyewe na kuwekwa katika nyaraka za taifa. Aidha, yatupasa kukata mapema shauri ambalo Marekani ililikata kwa kuchelewa, yaani kwamba anayenunua haki ya kuchapa hajanunua mkono wa mchoraji wala karatasi yake. Kuhifadhi kazi bila kumtambua mfanyakazi ni nusu ya uhifadhi. Kirby alipokea karatasi zake akiwa na umri wa miaka 70, nazo zilikuwa chache. Wachoraji wetu wasingoje kiasi hicho.