Ukusanyaji wa santuri za zamani za muziki wa klasiki

Ukusanyaji wa santuri za zamani za muziki wa klasiki ni shughuli ya kutafuta, kutathmini na kutunza santuri za vinili zenye muziki wa orkestra, opera na ala za pekee, hasa zile zilizotengenezwa Ulaya na Marekani kati ya miaka ya 1950 na 1970. Santuri ndefu ya vinili, inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika, ilitolewa na kampuni ya Columbia nchini Marekani mwaka 1948. Decca ya Uingereza ilifuata mwaka 1950, na santuri za stereo zilienea kuanzia 1958.

Kutambua toleo

Rekodi ileile iliweza kuchapwa upya kwa miaka mingi ndani ya jalada lilelile, huku bei za nakala zikitofautiana sana. Kwa sababu hiyo mkusanyaji huanza na santuri yenyewe. Jalada huenda limetoka kwenye nakala nyingine.

Mfano mashuhuri ni mfululizo wa SXL wa Decca. Nakala za awali zina lebo yenye utepe mpana, na maandishi ya ukingoni huanza kwa "Original Recording by". Baadaye yalikuwa "Made in England by". Kuanzia mnamo 1970 utepe ulipunguzwa upana. Ushahidi zaidi umo katika sehemu tupu kati ya muziki na lebo. Namba iliyopo hapo huishia kwa tarakimu na herufi, kwa mfano 1E: tarakimu ni ya mchongo wa ngapi wa upande huo, na herufi humtaja fundi aliyeuchonga (E ni Stan Goodall). Herufi nyingine hutaja bamba la chuma lililotumika kuchapa. Decca ilizichukua kutoka neno BUCKINGHAM, ambamo B ni 1, U ni 2 na M ni 0. EMI ilitumia GRAMOPHLTD kwa namna hiyohiyo. Mchongo wa 2 au 3 hauna maana kwamba nakala ni ya baadaye, kwani wa kwanza huenda ulikataliwa kiwandani.

Hali ya santuri

Santuri hukaguliwa chini ya taa kali, ikiinamishwa kidogo. Alama nyingi kuzunguka tundu la katikati zinaonyesha kuwa imepigwa mara nyingi. Lakini jicho halitoshi: mkwaruzo unaoonekana huenda usisikike, na uchakavu unaosikika huenda usionekane. Gramafoni za zamani zilikuwa na mikono mizito iliyokula mifereji, na madhara husikika kwanza kwenye sauti kubwa karibu na mwisho wa upande. Madaraja yanayotajwa na wauzaji mara nyingi hutokana na kutazama tu.

Bei

Umaarufu wa mwanamuziki si kipimo cha bei. Santuri nyingi za Herbert von Karajan ni rahisi kwa kuwa ziliuzwa kwa wingi mno, na makasha ya opera pia huuzwa kwa bei ndogo. Ghali zaidi ni za wapiga fidla na selo zilizouzwa chache. Bach ya Johanna Martzy, iliyotolewa na Columbia ya Uingereza katika santuri tatu za mono, na Beethoven ya Leonid Kogan, namba SAX 2386, zimeuzwa kwa maelfu ya pauni.