Ganzi ilitoka mu shayiri

Bandugu walisansi wenzangu, gego la mwisho la mama linamsumbua tangu mvua za kwanza, na kila mara anakataa kwenda ku hospitali ya Mweso. Juzi akaniuliza: «Enjenia, hiyo shindano haitaniharibu mishipa ya kichwa?» Baba yake aling'olewa kavu, wanaume wawili wakimshika.

Mimi nilisomea mimea, si meno. Lakini kumbe historia ya hiyo dawa inapita mu shamba!

Mu 1884, kule Vienna, Karl Koller alitia kokaini mu jicho, likafa ganzi. Mwaka uleule, New York, William Halsted akaipiga karibu na mshipa wa fahamu wa taya la chini. Ilimkamata yeye mwenyewe, akashindwa kuiacha. Mu 1905 ikaja novokaini ya Mjerumani Alfred Einhorn: haileti ulevi, ila nguvu yake ni kidogo.

Sasa njo shayiri inaingia, ile nafaka ya bia. Stockholm, watafiti walikuwa wanachunguza shayiri yenye kukosa kijani, wakakuta ndani gramini, kitu ambacho mmea unajilindia na vidukari. Mu 1935 Holger Erdtman, akitaka kuitengeneza mu maabara, alipata kitu kinachofanana nayo, akakionja (wakemia wa zamani, mambo yao!) na ulimi ukafa ganzi. Nils Löfgren akafuata ile njia mpaka 1943, akapata lidokaini. Mwenzake Bengt Lundqvist akajipiga shindano mwenyewe ili kuijaribu. Tangu 1948 inauzwa, na mpaka leo ndiyo tunapigwa.

Haiui mshipa, mama. Inaufunga tu usipeleke habari ya maumivu, kisha inaachilia. Adrenalini ikichanganywa ndani, ganzi ya mdomo inabaki masaa mawili, matatu, ine, basi.

Hapo ndipo mimi niliteseka. Niling'olewa saa nane, nikarudi nacheka, nikajiuma shavu bila kujua. Usiku nililia sawa mtoto, maduka yamefungwa. Hakuna mtu aliniambia nimeze paracetamol mbele ganzi iishe, wala kungoja kesho yake ndipo nisukutue na maji ya vuguvugu yenye chumvi.

Tunaenda kazi tatu. Vidonge vimefungwa tayari mu kitenge chake. Bado anauliza kama nitaingia naye ndani.